Ukiombwa kupitia makala ya mwenzako: hatua kwa hatua

Barua pepe huja bila hodi, mara nyingi Ijumaa jioni. Mhariri wa jarida anakusalimu kwa cheo ambacho pengine huna, anakuambatishia ikisiri (muhtasari wa makala), kisha anaomba uipitie makala ndani ya wiki nne. Malipo hakuna na jina lako halitatajwa. Ukikubali, mtu usiyemjua, au unayejifanya humjui, atakuwa amekukabidhi kazi iliyomla miaka miwili mitatu.

Mimi barua ya kwanza ilinikuta nikiwa mhadhiri msaidizi na sikuwa na wa kumuuliza. Wakubwa wangu walidhani jambo hili mtu hujifunza mwenyewe, kama kupanda daladala. Niliandika kurasa sita za makosa ya koma. Mwongozo huu ni kwa aliye pale nilipokuwa.

Kwanza jina. Wengine husema mapitio rika, wengine tathmini rika, wengine uhakiki wa wanataaluma wenza. Mimi nasema kupitia makala, yaani kuisoma kazi ya mtafiti mwenzako kabla haijachapishwa na kumshauri mhariri kama inafaa, na anayeifanya kazi hiyo ni mpitiaji. Neno mhakiki naliepuka kwa kuwa wenzetu wa fasihi walishalitia mfukoni zamani.

Hatua ya kwanza: jibu ndani ya siku mbili

Kukataa kunaruhusiwa kabisa. Kinachomtesa mhariri ni kimya, maana hawezi kumtafuta mtu mwingine akiwa bado anakusubiri wewe.

Niliwahi kuikalia makala miezi saba. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Miaka miwili baadaye, kwenye kongamano, kijana mmoja alinisimulia wakati wa chai jinsi "mpitiaji mmoja asiye na utu" alivyomchelewesha. Chuo chake hakikumruhusu kuhitimu uzamivu (PhD) bila makala iliyochapishwa, na mahafali yakampita. Alipotaja mada nilijua ni ile yangu. Nilimpa pole, nikanywa chai yangu. Siri ya kazi hii ilinilinda siku ile kuliko nilivyostahili.

Basi kabla ya kujibu, soma ikisiri na ujiulize kama mada unaiweza, kama muda unao, na kama kuna uhusiano wowote na mwandishi unaoweza kukuvuta upande. Usijidai kuweza kila kitu. Kama makala inachanganya isimujamii na takwimu, nawe takwimu zinakupiga chenga, mwambie mhariri hivyo: "Nitapitia nadharia na uchambuzi wa mahojiano. Sehemu ya takwimu mtafute mtu mwingine." Wahariri hushukuru sana kwa sentensi hiyo. Ukikataa, mpendekezee majina mawili ya watu wanaofaa, na wasiwe maprofesa wale wale ambao kila mtu anawaandikia. Mhadhiri aliyemaliza uzamivu mwaka jana mara nyingi husoma kwa makini zaidi.

Na usijihesabie kwamba unamfanyia mtu hisani. Kila makala unayoituma wewe husomwa na watu wawili au watatu walioacha kazi zao. Ukituma moja, una deni la kupitia mbili au tatu. Mkiandika wanne, deni gawaneni. Nawajua watu wenye makala thelathini ambao hawajawahi kupitia hata moja; hao wanakula kwenye sherehe zote na kwao hawajawahi kualika.

Hatua ya pili: sema ukweli kuhusu unavyohusiana na mwandishi

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, hasa kwetu tunaoandika kwa Kiswahili kuhusu Kiswahili.

Majarida mengi ya fani yetu hufuata utaratibu wa kufichana: mpitiaji haoni jina la mwandishi, na mwandishi haoni la mpitiaji. Kwenye fani yenye watafiti laki moja huo ni ukuta. Kwetu ni pazia la kanga. Ukikaa katika makongamano mawili ya CHAKAMA na moja la CHAUKIDU, vyama vya wanataaluma wa Kiswahili, utakuwa umeshawasikia karibu wote wanaotafiti fonolojia ya lahaja za pwani au ushairi wa Lamu. Makala ikisema "data zilikusanywa Makunduchi" na ikataja nadharia fulani, unamjua mwandishi kabla hujafika ukurasa wa pili. Ukimjua kwa njia hiyo hujakosa. Kosa ni kwenda kumtafuta, yaani kuingiza kichwa cha makala kwenye intaneti ili uone nani aliwahi kukiwasilisha wapi.

Ukimtambua, mwandikie mhariri mistari mitatu:

"Nadhani nimemtambua mwandishi. Tulikuwa pamoja katika kongamano moja lakini hatujawahi kuandika pamoja wala hatuna ugomvi. Nikubalie niendelee, au niondoe."

Uamuzi ni wake. Lakini kuna hali ambazo usisubiri uamuzi, jiondoe mwenyewe: mwandishi akiwa mwanafunzi wako au aliyekusimamia, mkiwa idara moja, mkiwa mmeandika pamoja katika miaka ya karibuni, akiwa ndugu au mchumba, au mkiwa mnagombea nafasi moja ya kazi. Jiondoe pia kama una makala yako mezani inayosema jambo lile lile. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kukiri, kwa kuwa anayejua ni wewe peke yako.

Kwetu kuna la ziada: heshima. Makala ikiwa ya mtu aliyekufundisha, ambaye hadi leo unamwamkia shikamoo, utawezaje kuandika kwamba sura ya nadharia imepitwa na wakati? Wengi hawawezi, na matokeo yake ni ripoti ya mistari minne ya sifa. Hiyo si heshima kwa mwalimu. Kosa lake litachapishwa na watu wasiomwamkia watalikuta.

Ugomvi nao unasemwa. Fani yetu ina kambi. Mjadala wa ushairi wa mapokeo na mashairi huru tangu miaka ya 1970 uliacha watu ambao hawakusalimiana mpaka uzeeni. Ukiwa wa kambi moja na makala ni ya kambi ya pili, unaweza kuipitia, ila swali lako lisiwe "nakubaliana naye?" Liwe: "kwa misingi aliyoichagua mwenyewe, hoja yake inasimama?"

Hatua ya tatu: funga mlango

Makala iliyo mikononi mwako haijachapishwa. Kwa hiyo bado ni mali ya aliyeiandika. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kwa kuisifu. Usiitumie darasani. Usiichukue data yake wala wazo lake, na kama limekuchochea kuandika chako, subiri litoke kisha ulirejelee kama watu wote.

Ukitaka mwanafunzi wako wa uzamivu akusaidie ili naye ajifunze, ni jambo jema, ila omba ruhusa kwa mhariri kwanza na umtaje jina. Maprofesa wanaowapa wanafunzi kazi nzima kisha wakaiweka sahihi yao wapo wengi kuliko inavyosemwa.

Akili mnemba, yaani AI (au akili unde, kutegemea uko upande gani wa mjadala) ina sheria hiyo hiyo. Ukiibandika makala ya mtu kwenye programu ya mtandaoni ili ikuandikie ripoti, umeitoa nje. Mwezi Juni 2023, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakataza wapitiaji wa maombi ya ruzuku kutumia zana hizo kwa sababu ya usiri, na wachapishaji wengi wakubwa wana masharti yanayofanana na hayo. Soma ya jarida lako. Nami naongeza sababu yangu: mhariri angetaka maoni ya mashine, asingekuandikia wewe.

Hatua ya nne: soma mara tatu

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Mwishoni andika kwa sentensi mbili makala inadai nini. Ukishindwa, hapo umepata maoni yako ya kwanza.

Mara ya pili soma ukiwa na kalamu, na anza na mbinu za utafiti, si utangulizi. Utangulizi unaweza kung'arishwa kwa asubuhi moja, lakini mahojiano yaliyofanywa vibaya hayarudi. Wahojiwa walipatikanaje? Kama kuna watu waliohojiwa au wagonjwa waliopimwa, kibali kimetajwa? Tanzania mtafiti huanzia COSTECH, Kenya NACOSTI, tume za sayansi za nchi hizo zinazotoa vibali vya utafiti, na tafiti za afya zina kamati zake za maadili. Jumlisha majedwali kwa kikokotoo. Ndiyo, kwa kikokotoo.

Mara ya tatu pita kwenye marejeleo. Chagua matano, uyatafute, uone kama kweli yanasema anachodai mwandishi. Siku hizi angalia pia kama yapo kabisa, maana vyombo vya akili mnemba hubuni vitabu vyenye majina mazuri ajabu.

Hata ukifanya yote hayo, utapitwa na mambo. Mwaka 1998 ilichapishwa tafiti ya wahariri wa jarida la tiba la BMJ. Walichukua makala, wakaitia kasoro 8 kwa makusudi, wakaituma kwa wapitiaji 420. Walioirudisha ni 221, na kwa wastani kila mmoja alitaja kasoro 2. Kwa hiyo usiandike "makala haina tatizo". Andika ulichokagua na ambacho hukukikagua, ili mhariri ajue pengo liko wapi.

Hatua ya tano: iache lugha ya mwandishi iwe yake

Sehemu hii ndiyo inayoleta machozi kwetu.

Mpitiaji wa Dar es Salaam anapokea makala kutoka Nairobi au Eldoret, anakuta tarakilishi, runinga, mtagusano, anazungushia wino mwekundu na kuandika "Kiswahili kibovu". Wa Kenya anapata makala ya Dodoma, anakuta kompyuta na televisheni, anaandika "mwandishi atumie Kiswahili". Wote wawili wamepoteza muda wa watu. Hali ni mbaya zaidi kwa mwenzetu wa Lubumbashi au Bujumbura, ambaye kila sentensi yake husomwa kama mtihani wa darasa la saba.

Neno makala lenyewe ni mfano. Wapo wanaosema makala hii na wapo wanaosema makala haya, na kila upande una kamusi yake ya kuinua juu. Mimi nasema hii. Kama mwandishi kasema haya mwanzo hadi mwisho, mwache. Kama kasema hii ukurasa wa kwanza na haya ukurasa wa tano, hapo mwambie achague.

Istilahi za kitaalamu ni jambo jingine. Mtu akitumia neno moja kwa maana mbili, au akabuni istilahi mpya bila kueleza kwa nini iliyopo haitoshi, una haki ya kuuliza. Tahajia na koma mwachie mhariri wa lugha. Sentensi moja inatosha: "Makala inahitaji kusomwa prufu."

Hatua ya sita: andika ripoti inayotumika

Anza kwa kueleza makala inasema nini kwa maneno yako, aya moja fupi. Mwandishi akiisoma ataona kama umemwelewa. Akiona hukumwelewa, naye atajua wapi aliandika gizani. Kisha taja kilicho kizuri, na kiwe cha kweli. "Mada ni nzuri" haisaidii mtu. "Mahojiano na manahodha wa Kilwa ni hazina ambayo sijaiona kwingine" inamwambia mhariri kwa nini makala inastahili kuokolewa.

Baada ya hapo weka hoja zako kwa nambari, kubwa kwanza. Hoja kubwa ni ile ambayo isiporekebishwa makala haiwezi kuchapishwa. Zikizidi tano, pengine makala hii si ya kurekebisha bali ya kuandikwa upya, na useme hivyo mapema badala ya kumficha mtu ndani ya hoja arobaini.

Linganisha maneno haya mawili. La kwanza: "Uchambuzi ni dhaifu na mwandishi haonekani kuijua nadharia." La pili: "Uk. 9: mwandishi anasema wahojiwa wote walikubali, lakini Jedwali la 2 linaonyesha 14 kati ya 40 hawakujibu. Hitimisho linahitaji kuandikwa kwa kuwazingatia hao." La kwanza ni kofi. La pili mtu anaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi. Kipimo changu ni rahisi: ningekuwa mbele yake, ana kwa ana, ningesema hivi?

Usimlazimishe kukurejelea. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mpitiaji anayeagiza "mwandishi asome pia" kisha akaorodhesha kazi tano za mtu mmoja huwa amejitaja jina. Kama kazi yako kweli inahusika, itaje moja na ueleze inasaidia wapi.

Fomu nyingi zina kisanduku cha pili, cha mhariri peke yake. Humo weka mambo ya uhusiano, mashaka, na pendekezo lako: ichapishwe, irekebishwe, ikataliwe. Usiweke humo hukumu iliyo kinyume na ulichomwambia mwandishi. Kumsifu mtu usoni na kumzika kisogoni ni usengenyaji, hata ukiwa na barua ya chuo.

Hatua ya saba: ukishuku wizi au data ya kubuni

Mwandikie mhariri peke yake, na uambatishe ushahidi: aya hii na aya ile, ukurasa huu na ule. Usimshutumu mwandishi ndani ya ripoti, wala usimpigie simu mkuu wake wa idara. Unaweza kuwa umekosea. Hata ukiwa sahihi, jarida lina utaratibu. Mengi hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997.

Na usiogope ukubwa wa jarida. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la tiba la The Lancet lilitoa makala kuhusu dawa za hydroxychloroquine na chloroquine kwa wagonjwa wa COVID-19, ikidai kutumia rekodi za wagonjwa takriban 96,000 kutoka hospitali 671 duniani. Wapitiaji waliipitisha. Watafiti walioisoma baada ya kuchapishwa ndio waliouliza maswali, na takwimu zilizodaiwa kutoka Afrika zilikuwa miongoni mwa walizozitilia shaka: hospitali zipi hizi zenye rekodi za kielektroniki kamili namna hii? Kampuni iliyosema ina data haikukubali ikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Yeyote aliyewahi kusubiri faili lake kwenye hospitali ya wilaya angeweza kuliuliza swali hilo. Ujuzi wa mahali nao ni ujuzi, utumie.

Hatua ya nane: duru ya pili

Makala ikirudi imerekebishwa, kagua ulichoomba tu. Kuibua madai mapya ambayo ungeweza kuyasema mara ya kwanza ni kumhamishia mtu goli. Kama kosa jipya limeletwa na marekebisho yenyewe, sema. La sivyo, malizia na ulifute faili.

Siku ukiwa upande wa pili

Utakapokuwa wewe ndiye mwandishi, ripoti ikifika isome mara moja, uifunge, ulale. Kesho yake ijibu hoja kwa hoja: umebadili nini, ukurasa gani, na pale usipokubali, kwa nini. Ukiombwa kupendekeza wapitiaji, toa watu wa kweli wenye anwani za kweli. Mwaka 2014 wachapishaji SAGE waliziondoa makala 60 za jarida moja baada ya kugundua mtandao wa anwani za kughushi, waandishi wakijipitia wenyewe.

Ukikasirika, una mwenzako mkubwa. Mwaka 1936 Albert Einstein alituma kwa jarida la fizikia la Physical Review makala aliyoiandika na Nathan Rosen, ikidai mawimbi ya uvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akaipeleka kwa mpitiaji, naye akarudisha maoni ya kurasa kumi. Einstein akajibu kwa ukali kwamba hakumruhusu mtu yeyote kuonyeshwa makala kabla ya kuchapishwa, akaiondoa, akaipeleka jarida jingine. Kabla haijatoka huko, alikuwa ameshabadili hitimisho. Mpitiaji alikuwa Howard Percy Robertson, aliyekuwa Princeton mji mmoja naye, ambaye baadaye alimweleza kosa msaidizi wa Einstein kwa mazungumzo ya kirafiki bila kujitaja kuwa ndiye.

Jambo la mwisho la kufanya, ambalo wengi hulipuuza: majarida mengi, baada ya uamuzi, hukutumia pia ripoti ya mpitiaji mwenzako. Ifungue. Iweke kando ya yako, uone yeye aliona nini. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwa makala niliyoisifu sana, niliyoisoma mara tatu kama nilivyokuelekeza. Hoja ya kwanza ya mwenzangu ilikuwa kwamba asilimia za Jedwali la 3 zinajumlika kuwa 112.